Mnanaha: Usiutambue kwa Ua Pekee

Wahenga walisema kwamba kizuri hakikosi ila. Iko mimea mingi ya porini ambayo macho huipenda, nayo haina madhara yoyote. Na iko mingine ambayo macho huipenda vilevile, nayo imewafikisha watu hospitali na hata kaburini. Leo katika ukurasa huu wa nyumbani tunapenda kumjulisha msomaji mmoja kati ya mimea ya namna hii ya pili. Ni gugu lenye ua jeupe, refu, lenye umbo la tarumbeta, ambalo huota bila kupandwa kando ya barabara, nyuma ya majiko, kwenye majaa, katika mazizi yaliyohamwa na katikati ya mashamba ya mahindi na mtama. Kiswahili cha vitabuni kinauita mnanaha. Waganda huuita amaduudu. Wataalamu wa mimea duniani huuita Datura stramonium, jina ambalo ulipewa mwaka 1753 na mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus.

Watu wengi wanaoujua mmea huu huujua kwa ua lake tu. Wakiliona, husema, "Huu ndio ule mmea mbaya," kisha huwakataza watoto wasilichume. Hilo ni jambo jema, lakini halitoshi. Mara nyingi anayedhurika hakula ua. Alikula jani changa lililochumwa pamoja na mboga kabla mmea haujachanua, au alikula mbegu zilizochanganyika na nafaka baada ya ua kwisha kuanguka. Mtu anayeujua mnanaha kwa ua pekee ni kama mlinzi wa lango anayemjua adui kwa kofia yake: adui akiivua kofia, mlinzi humfungulia. Kwa sababu hiyo tutaueleza mmea huu kwa maungo yake yote, tangu shina hadi mbegu, ili msomaji aweze kuutambua katika kila umri wake.

YALIYOTOKEA KARAMOJA

Asiyeamini kwamba jambo hili ni zito na akumbuke yaliyotokea Karamoja mwezi Machi mwaka 2019. Katika wilaya za Napak na Amudat, watu waliokuwa wamekunywa uji wa unga wa lishe walianza ghafula kupayuka maneno yasiyo na maana, kutapika na kuungua kwa joto la mwili. Unga huo ulikuwa ukigawiwa na Shirika la Chakula Duniani kwa akina mama wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wenye upungufu wa lishe. Watu 5 walifariki dunia, na wagonjwa walikuwa karibu 300. Ugawaji ulisimamishwa mara moja, na sampuli za unga zikapelekwa kwenye maabara. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndani ya unga ule mlikuwamo atropini na skopolamini, yaani sumu zilezile za mnanaha.

Tuzingatie somo la msiba ule. Mama aliyekuwa akikoroga uji hakuona ua, wala jani, wala mbegu. Aliona unga tu. Sumu ikishasagwa, hakuna jicho la mwanadamu linaloweza kuitenga na chakula. Ulinzi wa kweli haumo sufuriani. Umo shambani na kwenye ungo, pale ambapo mmea bado una umbo lake na mbegu bado ina sura yake.

ASKARI WALIOGEUKA WATOTO

Wala si akina mama na watoto peke yao waliopatwa na janga la namna hii. Askari nao wamo katika historia ya mmea huu, tena kwa kisa ambacho kila mwanajeshi aendaye doria porini anapaswa kukijua. Mwaka 1676 mfalme wa Uingereza alituma vikosi vyake huko Virginia, katika Amerika ya Kaskazini, kuzima uasi ulioongozwa na mtu aitwaye Nathaniel Bacon. Askari kadhaa waliokuwa katika mji wa Jamestown walichuma majani machanga ya gugu hili, wakayachemsha na kuyala kama mboga.

Mwandishi Robert Beverley, katika kitabu chake cha historia ya Virginia kilichotolewa mwaka 1705, ameeleza yaliyofuata. Askari mmoja alishinda akipeperusha unyoya hewani kwa pumzi yake, na mwenzake akawa anaurushia unyoya huo mabua kwa hasira. Mwingine aliketi uchi pembeni, akikenua meno kama nyani. Ilibidi wafungiwe ndani wasije wakajiangamiza. Wakakaa katika hali hiyo siku 11, na walipopata fahamu hawakukumbuka hata jambo moja. Tangu hapo Wamarekani wameuita mmea huo kwa jina la mji ule wa Jamestown.

Tuangalie tena: askari wale walikula majani machanga. Kama kungekuwapo mmoja wao aliyejua maungo ya mmea huo kabla haujatoa ua, kikosi kisingepoteza watu wake pasipo kurushiwa hata risasi moja.

MAUNGO YA MNANAHA

Sasa tuutazame mmea wenyewe, kiungo kimoja baada ya kingine.

Kimo na shina. Mnanaha ni mmea wa msimu mmoja. Huota, hukua, huzaa na kufa ndani ya miezi michache. Kimo chake kwa kawaida ni kati ya nusu mita na mita moja na nusu. Shina lake ni nene, laini, halina miiba, na rangi yake ni ya kijani au ya zambarau. Lililo kubwa kwa mtambuzi ni namna linavyogawanyika. Shina hutoka moja, kisha huachana na kuwa mawili, mfano wa panda ya manati ya watoto. Kila tawi nalo huachana tena kuwa mawili, na kuendelea hivyo hadi juu. Mmea uliokomaa huonekana kama mti mdogo uliojengwa kwa panda tupu.

Jani. Jani la mnanaha ni pana na refu kadiri ya kiganja, kati ya sentimita 8 na 20, nalo lina kikonyo kirefu. Kingo zake zina meno makubwa yasiyolingana, kana kwamba mtu ameyakata kwa mkasi pasipo kupima. Tena, mahali jani linapokutana na kikonyo chake, upande mmoja mara nyingi huanza chini kidogo kuliko wa pili. Lakini jihadhari: katika mche mchanga, yale majani mawili ya kwanza kabisa ni membamba na marefu, hayana meno, na yanayofuata huwa na meno machache au hayana kabisa. Hapo ndipo wachuma mboga wanapokosea.

Harufu. Ukiliponda jani la mnanaha, hata likiwa changa, hutoa uvundo mzito unaochukiza pua. Ng'ombe na mbuzi wengi huuacha mmea huu malishoni kwa sababu ya harufu hiyo, na hilo lenyewe ni fundisho kwa binadamu. Anayetaka kupima kwa harufu aliponde jani kwa kijiti, au aoge mikono mara moja baadaye, wala asijiguse macho. Utomvu kidogo ukiingia jichoni huifanya mboni ipanuke na macho yashindwe kusoma. Wakulima wanaovuna mahindi katika mashamba yenye gugu hili wamepatwa na hali hiyo katika jicho moja, na waganga wakadhani wamepigwa kichwani.

Ua. Ua la mnanaha huota moja moja, hasa pale kwenye panda ya matawi. Urefu wake ni sentimita 6 hadi 10. Ni jeupe, na pengine huwa na rangi ya zambarau. Chini ni bomba jembamba, juu hupanuka kama tarumbeta, na mdomo wake una ncha tano zilizochongoka. Sehemu ya chini ya ua hushikwa na kifuko kirefu cha kijani chenye mbavu tano. Ua hili husimama likielekea juu, halining'inii. Hufunguka jioni na kutoa harufu tamu usiku ili kuwaita nondo. Mtu apitaye mchana aweza kulikuta limejikunja, akadhani mmea hauna ua kabisa.

Tunda. Baada ya ua kuanguka, hutokea tunda lenye umbo la yai dogo, urefu wa sentimita 3 hadi 5, lililosimama wima na kuzungukwa na miiba mikali. Chini yake kuna ukosi mdogo uliokunjuka, ambao ni masalio ya kile kifuko cha ua. Likikauka hupasuka kwa utaratibu sehemu nne zilizo sawa. Ipo hata hivyo aina ya mnanaha ambayo tunda lake halina miiba, kwa hiyo kukosekana kwa miiba si cheti cha usalama.

Mbegu. Ndani ya tunda moja mna mbegu mia kadhaa. Kila moja ni bapa, ina umbo la figo, urefu wake ni kama milimita 3, na rangi yake ni kahawia iliyoiva au nyeusi. Ukiichungua kwa karibu utaona vijishimo vidogo juu ya ngozi yake, kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

Hizo ndizo alama sita. Msomaji asitosheke na moja. Alama moja huleta shaka, mbili huthibitisha shaka, na tatu zinapokutana katika mmea mmoja basi pasiwe na mjadala.

MIMEA INAYOCHANGANYWA NAO

Kuujua mmea ni pamoja na kuwajua majirani zake. Tutataja wanne ambao hukosewa mara kwa mara.

Wa kwanza ni mchicha, ambao huku kwetu wengi huuita doodo. Mchicha mchanga huota mahali palepale panapopendwa na mnanaha, yaani kwenye udongo wenye mbolea nyuma ya nyumba. Jani la mchicha halina meno kabisa hata likikomaa, ncha yake mara nyingi ina mkato mdogo, na mishipa yake huonekana imetokeza wazi upande wa chini. Tena likipondwa halinuki vibaya.

Wa pili ni mnavu, uitwao nsugga kwa Kiganda. Huu ni ndugu wa mnanaha, kwa kuwa mimea hiyo miwili ni ya jamii moja pamoja na nyanya, bilinganya, pilipili, viazi ulaya na tumbaku. Udugu huo unawafanya wafanane wakiwa wachanga. Lakini jani la mnavu kwa kawaida ni dogo zaidi, maua yake ni madogo mno, meupe yenye kitovu cha njano, nayo huota kwa vishada. Na matunda yake ni vitufe laini visivyozidi punje ya njegere. Mnavu hauzai kamwe tunda la miiba.

Wa tatu ni mbarika, yaani mmea wa mafuta ya mbono. Wengi wakiliona tunda lake lenye miiba husema ni mnanaha. Lakini jani la mbarika limegawanyika kama vidole vya mkono, matunda yake hukaa mengi pamoja juu ya mkungu, miiba yake ni laini, na ndani yake mna mbegu tatu kubwa zenye madoadoa. Hata hivyo mbegu za mbarika nazo ni sumu kali, kwa hiyo mtoto azuiwe kuzichezea vilevile.

Wa nne ni lile ua kubwa la tarumbeta linalopandwa kama pambo katika nyua za nchi za baridi, kama vile Kabale, na katika Rwanda na Burundi. Huo ni mti mdogo wa miaka mingi, urefu wake hupita mtu, na maua yake huning'inia yakitazama chini kama kengele. Tunda lake halina miiba. Lakini sumu iliyomo ndani yake ni ileile ya mnanaha. Anayeupanda uani na ajue hivyo, na asiwaruhusu watoto kunyonya maua yake.

JIKONI NA GHALANI

Akina mama ndio walinzi wa mstari wa mbele katika vita hivi, kwa hiyo tunapenda kueleza kazi yao kwa ukamilifu.

Mboga za porini zichumwe na mtu anayezijua, tena zichumwe jani kwa jani. Tabia ya kukata fungu zima kwa kisu, kisha kulitumbukiza chunguni, ndiyo inayoleta msiba. Mtoto akitumwa kuchuma mboga, fungu lake likaguliwe kabla ya kuoshwa: lenye meno yasiyolingana litupwe, lenye uvundo litupwe, na lile linalotiliwa shaka litupwe pia. Hasara ya jani moja ni ndogo.

Kuhusu nafaka, saizi ya mbegu ya mnanaha ndiyo inayotuongoza. Mahindi, maharage na soya ni makubwa kuliko mbegu hiyo. Chekeche lenye matundu yanayozuia mahindi litaipitisha mbegu ya mnanaha ianguke chini. Wimbi, yaani ulezi, ni mdogo kuliko mbegu hiyo. Hapo chekeche la matundu madogo litapitisha wimbi na kuizuia mbegu ya mnanaha ibaki juu. Taabu iko kwenye mtama, ambao punje zake hukaribiana na mbegu hiyo kwa ukubwa. Mtama hauna budi kupetwa na kisha kuchambuliwa kwa mkono katika mwanga mzuri, punje zikiwa zimetandazwa kwenye ungo au kitambaa cheupe. Simsim nayo ichambuliwe hivyo hivyo: mbegu yake ni laini na imechongoka upande mmoja, bali ya mnanaha ina umbo la figo na vijishimo.

Mtu asijidanganye kwamba moto utaimaliza sumu hii. Moto wa jikoni hautoshi kuiondoa, na kukausha juani hakuiondoi. Askari wale wa Jamestown walichemsha majani yao.

DALILI ZA ALIYEDHURIKA

Sumu ya mnanaha hufanya kazi yake kwa njia ambayo askari ataielewa upesi. Katika mwili wa binadamu, ubongo ni makao makuu. Amri zake kwa moyo, macho, tezi za mate na kibofu hupelekwa na mishipa ya fahamu, na mwishoni mwa kila mshipa yuko tarishi wa kemikali anayeikabidhi amri. Atropini na skopolamini huziba mlango wa kupokelea amri. Tarishi anafika, anabisha hodi, hafunguliwi.

Kwa sababu hiyo, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa moja baada ya kula, kinywa hukauka hata mtu asiweze kumeza, na sauti hukwaruza. Ngozi huwa kavu, nyekundu na ya moto, kwa kuwa jasho limezuiwa. Mboni za macho hupanuka, mwanga huumiza, na vitu vya karibu havionekani vizuri. Moyo hupiga mbio. Mkojo hugoma kutoka. Kisha akili huvurugika: mgonjwa huzungumza na watu wasiokuwapo, hukamata vitu hewani, hutaka kukimbia, na pengine hupigana na wanaotaka kumsaidia. Sumu ikizidi huja degedege, kuzimia na kifo. Mbegu zisizojaza kijiko cha chai zaweza kumtia mtoto mdogo katika hatari kubwa.

Hapa ndipo makosa ya kusikitisha hutokea. Jamaa wakimwona mtu anapayuka, wengine husema ni malaria iliyopanda kichwani, wengine husema amerogwa, na wengine humfunga kamba na kumpeleka kwa mganga. Saa za thamani hupotea. Mwenye kuona mambo matatu kwa pamoja, yaani kinywa kikavu, ngozi kavu ya moto na mboni zilizopanuka, na aulize upesi: mtu huyu amekula nini leo?

Neno hili tunawaambia hasa ndugu zetu polisi. Katika India ya karne ya 19, wanyang'anyi wa njiani walijulikana kwa kutia mbegu za jamii ya mnanaha katika chakula cha wasafiri, kisha wakawaibia walipopoteza fahamu. Uovu wa kuwalevya abiria haujatoweka duniani. Kwa hiyo polisi akimkuta mtu anapepesuka na kusema ovyo, naye hanuki pombe, kinywa chake kimekauka na mboni zake ni pana, asimtie mahabusu kama mlevi ili alale apate fahamu. Ampeleke hospitali. Aliyelala usiku kucha mahabusu na sumu hii mwilini huenda asiamke.

HUDUMA YA KWANZA

Mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia, hata kama dalili bado ni ndogo. Asitapishwe kwa nguvu wala kwa maji ya chumvi, kwa maana mtu ambaye akili yake imevurugika aweza kupaliwa. Asipewe pombe. Asipewe vidonge vya mafua au vya mzio vinavyoleta usingizi, kwa sababu vingi vyavyo hukausha mwili kwa njia ileile ya mnanaha na kuongeza madhara. Akaliwe mahali penye kivuli na utulivu, apunguziwe nguo, apanguswe kwa kitambaa chenye maji, na azuiwe kwa upole asije akakimbilia barabarani au mtoni.

Jambo jingine la maana ni kuchukua ushahidi. Mabaki ya chakula, jani, tunda au mbegu vitiwe katika mfuko na kupelekwa kwa daktari pamoja na mgonjwa. Tabibu anayeoneshwa tunda la miiba hahitaji kubahatisha. Wagonjwa wengi wanaofikishwa mapema hupona katika siku moja au mbili, ingawa macho yaweza kuchelewa kurudia hali yake. Ipo pia dawa ya kupinga sumu hii, iitwayo fizostigmini, ambayo asili yake ni maharage ya Calabar huko Afrika ya Magharibi. Lakini hiyo hutolewa na daktari peke yake, kwa tahadhari kubwa.

SUMU AMBAYO NI DAWA

Tusiuhukumu mmea huu upande mmoja tu. Ile atropini inayoua jikoni huokoa hospitali. Mkulima aliyevuta au kumeza baadhi ya dawa za kuua wadudu hutokwa na mate na jasho jingi, mboni zake husinyaa, na kifua chake hujaa maji. Hizo ni dalili zilizo kinyume kabisa cha za mnanaha, kwa maana kwake yeye tarishi amezidi na amri hazikomi. Daktari humchoma sindano ya atropini ili kufunga mlango. Gesi za sumu za kivita zinazoshambulia mishipa ya fahamu hufanya kazi kama dawa hizo za wadudu, na ndiyo sababu majeshi mengi huwapa askari wao sindano ya atropini tayari kwa kujichoma. Waganga wa macho nao hutumia matone yake kupanua mboni wanapopima.

Lakini hospitalini dawa hiyo hupimwa kwa sehemu za miligramu. Mmea wa porini haupimiki: mbegu za mti mmoja zaweza kuwa na nguvu kuliko za mti wa pili ulio jirani yake. Zamani majani yake makavu yalivutwa kama sigara ili kutuliza pumu. Leo zipo dawa bora na salama zaidi, na anayemvutisha mgonjwa wa pumu majani haya anamtoa katika hatari moja na kumtia katika nyingine. Vivyo hivyo kijana anayetafuna mbegu ili alewe na ajue kwamba hakuna kipimo cha ulevi hapo, ila wazimu na huenda mauti.

KUUNG'OA

Mnanaha ung'olewe na mizizi yake kabla haujazaa, kwa mkono uliovikwa mfuko au soksi nzee, kisha mikono ioshwe kwa sabuni. Ukikutwa tayari una matunda, matunda hayo yakatwe kwanza na kutiwa katika gunia, kwa kuwa yakiachwa shambani yatapasuka na kumwaga mbegu. Gunia lichomwe mbali na nyumba, na watu wasisimame katika moshi. Mashina yake yasitumiwe kama kuni wala mishikaki ya kuchomea nyama.

Kazi hii haimalizwi kwa siku moja. Huko Marekani, wataalamu walizika mbegu za mnanaha ardhini mwaka 1902. Walipozifukua baada ya miaka 39, zilizo nyingi ziliota. Mmea mmoja ulioachwa uzae mwaka huu waweza kuwasumbua wajukuu wetu. Kwa hiyo palipong'olewa leo patazamwe tena baada ya kila mvua.

Katika kambi na vituo vyetu, kazi ya pamoja ya usafi, ile ambayo Waganda huiita bulungi bwansi, isiishie kufagia njia na kufyeka nyasi. Anayeujua mnanaha awaoneshe wengine mche mchanga, jani la meno, panda ya shina, tunda na mbegu, na watoto wafundishwe kuvitaja kwa majina kama wanavyofundishwa kutaja herufi. Kila kaya ikague nyuma ya jiko lake, na kila mpika uji aikague nafaka yake kabla ya kuipeleka kinuni. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini jicho nalo hufundishwa cha kutazama, na lililofundishwa halingoji mpaka ua lichanue.